Kengele ya gesi iliyomaliza betri ya lori: swali ambalo maonyesho yetu hayaulizi

Mwezi wa saba mwaka juzi, saa kumi na moja alfajiri, simu yangu iliita. Alikuwa mjomba wangu, dereva wa lori, akiwa kwenye foleni ya Tunduma. Kwetu mjomba na mpwa wanaitana jina moja, kwa hiyo alianza hivi: "Mjomba, shikamoo yako nitaipokea baadaye. Gari haliwaki."

Alikuwa na mzigo wa kwenda Lubumbashi na alikuwa amekaa foleni siku tatu. Kwenye foleni ile unasogea mita hamsini, unazima injini, unasubiri tena masaa. Usiku wa kuamkia siku ya nne magari ya mbele yakaanza kusogea. Mjomba akageuza ufunguo, starta ikatoa ile sauti ya "tik, tik" kisha kimya. Nyuma yake malori yakaanza kupiga honi. Ikabidi amtafute fundi wa kubusti betri gizani, na bei ya fundi wa saa kumi usiku mpakani mnaijua.

Kisha akaniuliza: "Hiki kidude chako kinakula umeme kiasi gani?"

Kidude chenyewe kilikuwa kengele ya gesi. Nilikitengeneza mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, nikapewa alama nzuri, nikakionyesha kwenye maonyesho ya ubunifu, watu wakapiga makofi. Baadaye nilimfungia mjomba kwenye kabini yake kwa sababu anapika humo na analala humo. Na kiukweli, siku ile sikuwa na jibu. Sikuwahi kupima. Hata jopo lililosikiliza utetezi wa mradi wangu halikuwahi kuniuliza.

Kwa hiyo leo nataka kukosoa aina nzima ya mradi, nikianza na wangu mwenyewe.

Mradi tunaoujua wote

Ukitembelea maonyesho ya wanafunzi wa uhandisi popote Afrika Mashariki, una nafasi kubwa ya kuukuta. Kuna boksi la plastiki. Ndani kuna ubao wa Arduino, kihisi cha MQ-2 au MQ-6, skrini ndogo ya buluu, moduli ya laini ya simu, spika ya kulia na, kwa waliojitahidi zaidi, vali ya umeme ya kukata gesi. Mwanafunzi anachukua kiberiti cha gesi, anakibonyeza bila kuwasha mbele ya kihisi. Skrini inaandika HATARI, kengele inalia, vali inagonga "tak", na meseji inaingia kwenye simu ya mgeni rasmi. Makofi.

Sina shida na mwanafunzi yule. Nilikuwa yeye. Shida yangu ni kwamba onyesho lote linachukua dakika mbili, na umeme unatoka ukutani au kwenye kompyuta mpakato. Tunathibitisha kwamba kengele inaweza kulia. Hatuthibitishi kwamba itakuwa hai usiku wa tatu, saa nane, wakati mpira wa gesi umeamua kupasuka.

Na kuna dosari nyingine humo humo. Karatasi ya maelezo ya MQ-6 inataka kihisi kipashwe moto kwa zaidi ya saa 24 kabla ya kuamini vipimo vyake. Kwenye maonyesho tunakichomeka asubuhi, saa nne tunamwonyesha mgeni rasmi.

Kwanza, je, kengele inahitajika?

Inahitajika, tena sana. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Mitungi ya kilo 6 imeuzwa kwa ruzuku hadi vijijini. Ni jambo jema. Moshi wa kuni na mkaa unaumiza mapafu ya mama zetu. Lakini gesi nayo ina adabu zake.

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu hivi, butani karibu mara mbili. Ikivuja haipandi darini, inashuka sakafuni na kutulia kama maji. Mchanganyiko huo ukifika karibu asilimia 2 ya hewa, cheche moja inatosha.

Tupige hesabu ya kabini ya lori. Tuchukulie ina hewa ya mita za ujazo 6, yaani lita 6,000. Asilimia 2 ya hapo ni lita 120 za gesi. Kila lita ina uzito wa kama gramu 2. Kwa hiyo gramu 240, robo kilo tu, inatosha kuifanya kabini nzima iweze kulipuka. Mtungi mdogo una kilo 6. Na kwa kuwa gesi inakaa chini, sehemu ya sakafuni itafikia kiwango hicho mapema zaidi.

Utasema gesi imetiwa harufu makusudi ili tuinuse. Ni kweli. Lakini pua ikikaa na harufu muda mrefu inaizoea, na mtu akiwa usingizini harufu haimwamshi kama sauti inavyomwamsha. Tunduma mwezi wa saba kuna baridi kali. Dereva anafunga vioo kwa ajili ya baridi na kwa ajili ya wezi. Huyo ndiye mtu anayehitaji kitu cha kumwamsha.

Kwa hiyo sibishani na wazo lenyewe. Wazo ni zuri kiasi kwamba linastahili kutengenezwa vizuri.

Ampea zinaenda wapi?

Mjomba alipofika Lubumbashi na kurudi, nilikwenda na multimeta. Nikakata waya mmoja, nikaunganisha mita katikati, nikasoma: ampea 1.05. Mfululizo, usiku na mchana, gesi iwepo isiwepo.

Ampea 1.05 mara saa 24 ni kama ampea-saa 25 kwa siku (zile Ah zinazoandikwa ubavuni mwa betri). Kwa siku tatu za foleni ni 75. Betri za mjomba zimeandikwa 150, lakini zilikuwa na miaka, na betri ya lori imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Haikuundwa kunyonywa taratibu hadi nusu. Ukiifanyia hivyo mara kwa mara, unaiua. Kwa hiyo hakuna muujiza hapo. Kidude kilifanya nilichokiambia kifanye.

Nikaanza kuchomoa kitu kimoja kimoja.

Kihisi chenyewe: ampea 0.15. Hapa inabidi tuelewe kinavyofanya kazi. Ndani ya MQ-6 kuna tabaka la oksidi ya bati lililowekwa juu ya hita ndogo. Likipata moto, oksijeni ya hewani inajishika juu yake na kunyakua elektroni, hivyo umeme unapita kwa shida. Gesi ikija inachomana na ile oksijeni, elektroni zinarudi, umeme unapita kwa urahisi, na sisi tunasoma mabadiliko hayo. Bila moto hakuna kitu. Hita ina ukinzani wa omu 33 hivi na inataka volti 5. Volti 5 ukigawa kwa 33 unapata ampea 0.15. Ni pasi ndogo sana ya umeme ambayo haizimwi kamwe. Wengi wetu tunaonunua kihisi hiki tunadhani "kinanusa" bure kama pua ya mbwa. Hapana, kinakula.

Ubao, skrini na moduli ya simu: kwa pamoja ampea 0.1. Skrini yenye taa ya nyuma inawaka usiku kucha kumwonyesha mtu aliyelala kwamba hali ni salama. Moduli ya simu inatafuta mtandao saa zote ili siku moja itume meseji. Imtumie nani? Dereva yuko ndani ya kabini hiyo hiyo. Meseji niliiweka kwa sababu ilipendeza kwenye maonyesho.

Kisha ile regulata ya miguu mitatu inayoshusha volti 12 kuwa 5. Aina hii haibadilishi umeme, inachoma ziada kuwa joto. Ampea 0.25 ikiingia kwa volti 12 ni wati 3. Zinazotumika ni wati 1.25. Zaidi ya nusu inapasha boksi la plastiki. Konveta ya kisasa ya kushusha volti, ile yenye koili, inapoteza kama sehemu ya kumi tu, na haina bei ya kutisha.

Mpaka hapo ni ampea 0.25, kama 6 Ah kwa siku. Basi zile 0.8 zilizobaki ziko wapi?

Vali: wazo sahihi, tabia mbaya

Ziko kwenye vali. Na hapa nataka tuwe waangalifu, maana ukosoaji wa haraka unaweza kuua mtu.

Vali niliyotumia ni ya aina inayojifunga umeme ukikatika. Ili ikae wazi lazima koili yake ipewe umeme muda wote. Huo ni uamuzi sahihi. Waya ukikatika au betri ikifa, gesi inajifunga. Aina ya kinyume, inayobaki wazi umeme ukikosekana, inaokoa ampea lakini siku betri imeisha huna ulinzi. Nimeona watu wakipendekeza hiyo ya pili ili "kuokoa betri". Tafadhali, usifanye.

Kosa langu lilikuwa kwenye programu. Niliandika: kama hakuna gesi iliyovuja, acha vali wazi. Maana yake vali ilikaa wazi saa 24 ilhali mjomba anapika ugali na dagaa kwa saa moja na nusu tu kwa siku. Saa nyingine ishirini na mbili na nusu nililipia umeme ili mlango wa gesi ukae wazi mtu akiwa amelala! Ukifikiria vizuri, kidude kilikuwa kinamaliza betri na papo hapo kinapunguza usalama.

Dawa ni kubadilisha mantiki. Weka kitufe cha "PIKA". Ukikibonyeza vali inafunguka, na muda ukiisha inajifunga yenyewe mpaka ubonyeze tena. Ampea 0.8 kwa saa 1.5 ni 1.2 Ah kwa siku badala ya 19. Kubonyeza tu! Ukitaka zaidi, koili inahitaji nguvu kubwa wakati wa kuvuta tu. Ikishavuta unaweza kupunguza mkondo na bado ikashikilia. Kuna pia vali za kupokea pigo moja fupi la umeme na kubaki zilipo. Nzuri, lakini hizo lazima ziwe na kapasita yenye chaji ya kutosha kuifunga vali pale umeme mkuu unapokufa. La sivyo tumerudi kwenye kosa la pili.

Na juu ya yote hayo kuna vali inayotumia wati sifuri: mkono wako. Ukimaliza kupika, funga mtungi. Mradi wangu ulikuwa na kurasa themanini na sentensi hiyo haikuwemo.

Waya wa betri moja

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi wa barabarani wanalifanya, na mimi nililifanya. Lori linatumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zimefungwa kwa mfululizo. Kidude changu kilitaka 12. Rahisi: chukua waya kutoka betri moja tu.

Matokeo yake betri moja inanyonywa, nyingine inapumzika. Injini ikiwaka, altaneta inachaji zote mbili kama kitu kimoja. Haijui kwamba moja ina njaa na nyingine imeshiba. Yenye njaa haishibi kamwe; iliyoshiba inalishwa kupita kiasi mpaka maji yake yanakauka. Baada ya miezi unanunua betri mbili mpya na kumlaumu muuza betri. Kama unafunga kitu chochote cha volti 12 kwenye lori, iwe redio, taa au kengele, tumia konveta inayochukua umeme kutoka betri zote mbili.

Wenzetu wa magari ya kulala wamepita hapa

Tatizo hili si geni duniani. Wamarekani wana utamaduni wa magari-nyumba: gari lenye kitanda, jiko la propani na friji. Unaweza kuwaona wasafiri wa aina hiyo hata Tunduma, wakivuka kwenda au kutoka Nakonde. Huko kanuni ya NFPA 1192 inataka magari hayo yawe na kengele ya propani, na kwa kawaida huunganishwa moja kwa moja na betri.

Malalamiko yao ni yale yale: ukiegesha gari, ukarudi baada ya wiki kadhaa, betri imeisha. Kengele inayokula ampea 0.1 inatumia 2.4 Ah kwa siku. Betri ya 100, ambayo kwa afya yake unatakiwa kutumia nusu tu, inafika hapo baada ya siku 21. Ona tofauti: kengele yao inachukua wiki tatu, yangu na vali yake siku mbili.

Mambo matatu tunaweza kujifunza kwao. Kwanza, swichi: gari likiwa limeegeshwa bila mtu na mitungi imefungwa, kata umeme wote. Gari likiwa na mtu, kengele isikatwe kamwe, hasa usiku. Pili, kengele zao hufungwa chini karibu na sakafu. Boksi langu nililifunga juu ya kioo cha mbele ili skrini isomeke vizuri. Gesi ingejaa hadi kidevuni mwa mjomba kabla kidude hakijajua. Tatu, kengele hizo zina tarehe ya kustaafu, kwa sababu vihisi huchakaa. Ya kwangu haikuwa na tarehe wala dalili yoyote ya kuonyesha kwamba imekufa.

Hilo la mwisho ndilo linaloniogopesha zaidi. Kengele iliyokufa iko kimya, na kengele nzima isiyo na gesi ya kuripoti iko kimya vile vile. Kifaa cha usalama lazima kiwe na namna ya kusema "betri inaisha" kikiwa bado na nguvu ya kusema. Mlio mfupi kila dakika unatosha.

"Lakini usalama hauna bei"

Hoja hii nimeambiwa na mwenzangu wa maabara, na inasikika vizuri. Kama kengele inaokoa maisha, betri ni nini?

Jibu langu ni Mbangala. Huko, wilayani Songwe, eneo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, nina mama mmoja jirani yetu anayepika chakula kwenye kibanda cha mabati. Nilimpelekea kengele ya pili, bila vali. Vali isingefaa hata hivyo. Anatumia mtungi wa kilo 6 wenye jiko lililofungwa juu yake moja kwa moja, hakuna mpira wa kupachika vali. Na huo ndio mtungi wa watu wengi. Mradi wetu wa vali umeundwa kwa ajili ya jikoni ambalo wengi hawana.

Umeme wake ni wa sola ndogo na betri moja iliyo chini ya meza. Betri hiyo inawasha taa mbili na kuchaji simu za wachimbaji kwa pesa. Nilirudi baada ya wiki mbili nikakuta kengele imechomolewa, imefunikwa kwa kitambaa safi.

"Mwanangu," akaniambia, "si kwamba nimeidharau. Ikikaa hiyo, saa tatu usiku taa zinafifia na simu za watu hazijajaa. Wateja nitawaambia nini?"

Hakuwa mjinga wala mzembe. Alipiga hesabu. Kengele ilikuwa inakula 6 Ah kwa siku kutoka betri inayomlisha. Hatari ya gesi ni ya siku moja isiyojulikana. Taa kufifia ni ya leo saa tatu. Mjomba naye, baada ya lile la Tunduma, alikichomoa kidude bila kuniambia. Nilikifunga ili kimlinde, na kwa miezi miwili alilala na gesi bila ulinzi wowote, huku mimi nikijisifu kwenye wasifu wangu kwamba nimetengeneza mfumo wa usalama.

Kwa hiyo, kwa mwenzangu wa maabara: ukitaka usalama, kula ya umeme ni sehemu ya usalama. Haiji baadaye kama rangi ya boksi. Kifaa kikimgombanisha mtu na taa yake, taa itashinda.

Wengine wanasema basi weka betri kubwa zaidi. Hiyo ni kumhamishia mteja gharama ya uvivu wetu. Na wengine wanasema hita ya kihisi iwashwe na kuzimwa, iamke kila baada ya dakika kumi. Hapa tena tupige hesabu kabla. Plate moja iliyofunguliwa bila kuwashwa inatoa gesi kama gramu 200 kwa saa, hivyo kabini yetu ina muda. Lakini mpira uliopasuka unaweza kutoa zaidi ya kilo kwa saa, na zile gramu 240 zinafika ndani ya robo saa au chini. Kengele nzuri inatakiwa ilie kabla hata robo ya kiwango hicho haijafikiwa, yaani ndani ya dakika tatu nne. Kulala dakika kumi ni mrefu mno. Zaidi ya hapo, MQ-6 ikizimwa inachukua muda kutulia tena. Ukiizima, umeziba pua. Kama unataka kuokoa upande huo, badilisha kihisi: Figaro TGS2610, kwa mfano, hita yake inatumia kama wati 0.28 ilhali MQ-6 inatumia 0.75.

Toleo la sasa

Nililorudia kutengeneza halina skrini wala laini ya simu. Lina konveta yenye koili, chipu inayolala kati ya kipimo na kipimo (chipu inalala, hita hailali), taa moja ndogo inayomweta, na mlio wa betri kuisha. Kihisi ni MQ-6 ile ile kwa sababu ndiyo inayopatikana madukani kirahisi. Multimeta inasoma ampea 0.08. Kwa siku ni 1.9 Ah, ukiongeza 1.2 ya vali kwenye lori la mjomba unapata 3.1. Siku tatu za foleni ni 9 badala ya 75. Kwa yule mama, paneli ya ziada ya wati 10 juu ya bati inarudisha karibu kila inachokula.

Halijakamilika. Kwenye kibanda liliwahi kulia bila gesi, na nashuku betri ya chini ya meza: betri ya asidi ikichajiwa kupita kiasi hutoa haidrojeni, na oksidi ya bati haichagui sana, inaitikia haidrojeni pia. Tumeihamishia nje ya ukuta. Na halioni kaboni monoksidi, kwa hiyo nilimwambia mjomba waziwazi: kengele hii haikupi ruhusa ya kuingiza jiko la mkaa kabini siku ya baridi. Huo ni muuaji mwingine, na huyo hana harufu.

Kwa kweli toleo hili ni baya kwa maonyesho. Halina cha kutazama. Nililipeleka sehemu moja mwaka jana, jaji akauliza, "Haitumi hata meseji?"

Ombi langu kwa majaji, walimu na sisi wenyewe ni dogo. Mwanafunzi akileta kengele ya gesi, kabla ya kiberiti na makofi, tumuulize: inakula ampea ngapi ikiwa haifanyi kitu? Itakaa siku ngapi kwa betri ya mtu utakayemfungia? Betri ikiisha, gesi inabaki wazi au inajifunga, na mtu atajuaje? Umeifunga juu au chini? Majibu manne. Multimeta na kikokotoo cha simu vinatosha.

Mjomba amelirudisha kwenye kabini, safari hii chini, karibu na miguu ya kitanda. Wiki iliyopita alikuwa Tunduma tena, siku ya pili ya foleni. Nilimpigia kumuuliza hali ya gari.

"Linawaka," akasema. Halafu akaongeza, "Na mtungi nimefunga kwa mkono, mjomba. Usiniulize."